Nilivyochagua ufukwe wa kaiti kwa likizo ya Julai nikitokea Dodoma

Kwa anayeishi Dodoma na kucheza kaiti, ule mchezo wa kusimama kwenye ubao na kuvutwa juu ya maji na tiara kubwa, likizo ya katikati ya mwaka inaangukia pazuri. Bunge la Bajeti linafungwa mwishoni mwa Juni, maombi ya likizo maofisini yanaanza kupita, na huko pwani kusi imeshashika. Swali linalobaki ni wapi hasa. Picha za mitandaoni hazisaidii, maana kila kisiwa kina mchanga mweupe na kila hoteli inasema ina upepo. Mimi niliamua kwa mambo mawili ambayo picha haionyeshi: upepo unaingia ufukweni kutoka upande gani, na maji yanajaa na kupwa saa ngapi katika tarehe nilizopewa. Bei ya chumba niliitazama mwisho.

Kwanza majira. Mwambao wetu una pepo mbili za kuchezea. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Februari, pengine huingia kidogo Machi, kutoka kaskazini mashariki. Kisha inakuja masika, na upepo wake wa kubabaisha haufai. Kusi huanza kukaa sawa Juni, hukolea Julai na Agosti, na hulegea Septemba ikielekea ukingoni. Hutoka kusini na kusini mashariki. Aliyepewa likizo ya Aprili au Novemba asilazimishe kaiti. Kulipia chumba cha ufukweni na kutazama minazi isiyotikisika kunauma.

Ukishajua upepo unatoka wapi, chukua ramani ya Unguja na uangalie kila ufukwe umegeukia wapi. Hapo ndipo visiwa vinajichuja vyenyewe. Upepo mzuri wa kaiti hupita sambamba na ufukwe, au, bora zaidi, huingia kwa mshazari kutoka baharini, ili ukikatika kamba au ukipoteza ubao maji na upepo vikurudishe mchangani. Paje na Jambiani zimetazama mashariki. Ukisimama ukiangalia bahari, kusi inakujia kutoka mkono wa kulia ikikuelekea kidogo, na ndivyo tunavyotaka. Kaskazi nayo hukujia kutoka kushoto, kwa hiyo pwani hiyohiyo inafaa misimu yote miwili. Kiwengwa, Pwani Mchangani na Matemwe ziko upande huohuo wa kisiwa, lakini ufukwe wao umepinda kuelekea kaskazini mashariki, hivyo kusi hupita karibu sambamba nao, na ikigeuka kidogo tu inaanza kukusukuma nje.

Upande wa magharibi, kuanzia Mji Mkongwe hadi Kendwa, niliufuta kabisa kwa mwezi wa Julai. Kule bahari inapendeza na imetulia, lakini imetulia kwa sababu kisiwa kimeikinga. Kusi ikifika huko imeshapita juu ya nchi kavu: imekatwakatwa na miti na majengo, na inakusukuma kuelekea mkondo wa Zanzibar, ile bahari iliyo kati ya kisiwa na bara. Anayeanguka mbele ya ufukwe wa namna hiyo harudi mwenyewe. Hata Paje, asubuhi na mapema upepo wa nchi kavu huweza kuivuta kusi upande wa magharibi kwa saa chache. Subiri jua lipande, upepo ukae, ndipo uingie.

Visiwa vingine sikuvichukulia muda mrefu. Pemba ina mikoko mingi na maji yanayozama ghafla, na sehemu chache za kurushia kaiti. Mafia naipenda, ila Ghuba ya Chole ina mikondo yenye nguvu maji yanapoingia na kutoka, sehemu kubwa ya eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari tangu 1995, na boti ya kumfuata mchezaji aliyekwama si kitu cha kukikuta kila mahali. Halafu wengi huitamani Mafia kwa ajili ya papa potwe, na hao huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, si Julai. Le Morne kule Mauritius upepo wa Julai ni wa uhakika, lakini ni safari ya ndege na pasipoti, ni majira yao ya baridi, na mawimbi yake kwenye mlango wa mwamba ni ya wenye uzoefu. Kwa familia inayotoka Dodoma, Paje ilishinda.

Sasa maji, na hapa ndipo likizo nyingi huharibika. Paje ina mwamba wa matumbawe mbali na ufukwe, na kati ya mwamba na mchanga kuna bwawa pana la maji tulivu. Wakati wa bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa upande huu wa bahari hukaribia mita 4. Maji yakipwa, bwawa linabaki madimbwi na nyasi, na unatembea mamia ya mita kabla ya kupata kina cha magoti. Yakijaa, yanagonga kuta za hoteli na mchanga wa kutandazia kaiti unakwisha. Wakati wa maji mafu tofauti hushuka hadi mita 1 hivi, na maji hukaa kwenye usawa wa kati karibu mchana kutwa. Anayejifunza anataka maji hayo ya kati, ya kiuno hadi kifua, ili asimame na kuanza upya kila anapoanguka.

Habari njema ni kwamba saa zinatabirika. Kwa Unguja, siku za bamvu maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Kwa hiyo maji ya kati unayapata karibu saa 1 asubuhi, yakiwa yanatoka, na tena karibu saa 7 mchana, yakiwa yanaingia. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa saa 4 asubuhi, kupwa saa 10. Kila siku inayofuata, sogeza mbele takriban dakika 50.

Huna jedwali la maji? Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha kwa kupanga. Bamvu huwa karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo. Maji mafu huwa karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Nilichofanya ni kuweka tarehe za likizo juu ya kalenda hiyo na kuomba ruhusa ianze siku mbili au tatu kabla ya maji mafu. Mkuu wako wa kazi akikubali kusogeza wiki moja tu, unaweza kutoka kwenye saa tatu za maji kwa siku na kupata karibu mchana mzima. Anayejua tayari kukata upepo na kurudi alipoanzia hahitaji kuogopa bamvu, mradi apange kula na kupumzika saa ambazo bwawa limekauka.

Kwa nguvu ya upepo, fuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ambao hutoa kasi kwa kilomita kwa saa. Walimu wa kaiti wanazungumza kwa noti, na noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Chini ya noti 12, yaani kilomita 22, mtu wa uzito wa kawaida anabaki kukaa majini. Noti 15 hadi 20, yaani kilomita 28 hadi 37, ndizo siku nzuri za kusi. TMA wakitoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, anayejifunza abaki mchangani bila ubishi.

Ukubwa wa kaiti nakokotoa hivi: uzito wa mtu kwa kilo, zidisha kwa 2.2, gawanya kwa noti za siku hiyo. Mtu wa kilo 75 kwenye noti 15 anapata mita za mraba 11. Kwenye noti 20 anapata kama 8. Ndiyo maana mtu wa uzito huo hubeba ya 9 na ya 12 na anamaliza Julai nzima. Wa kilo 60 ashuke hadi 7 na 9. Kosa la kawaida ni kuazima kubwa kwa kudhani itavuta vizuri zaidi. Inavuta, lakini huwezi kuizima.

Vifaa vyangu navikagua hapa Dodoma kabla ya safari, na hapa kuna maadui wawili: joto na mbigili. Kaiti iliyokaa kwenye buti la gari juani, gundi inayoshika vali kwenye mpira wa ndani unaojazwa upepo huachia, na hutajua mpaka uipulize. Tandaza turubai nzito uani, fagia kwanza, maana mwiba mmoja wa mbigili unatoboa kitambaa na mpira kwa pamoja. Jaza mrija wa mbele hadi ukiugonga kwa kidole ulie kama ngoma, funga vali, uache usiku kucha. Asubuhi ukiubonyeza na ukaingia ndani, kuna tundu. Paka maji ya sabuni kuzunguka kila vali na kwenye mshono, tafuta mapovu, kisha badilisha vali au bandika kiraka hapahapa. Fundi wa ufukweni yupo, ila atakula siku yako.

Kamba nazo zipimwe. Funga ncha za kamba zote nne kwenye nguzo moja, achia kamba ya kupunguzia nguvu yote, rudi nyuma hadi zikaze, kisha tazama fimbo ya usukani. Ikikaa sawasawa, vizuri. Ikiegemea upande mmoja, kaiti itakuwa inakuvuta upande huo siku nzima. Kamba za nyuma zikiwa fupi kuliko za mbele hata kwa sentimita chache, kaiti inarudi nyuma hewani na kuanguka, na mwanafunzi anajilaumu bure. Fyatua kifyatulio cha dharura, kile cha kuiachia kaiti mambo yakiharibika, mara kadhaa na ukirudishe. Vumbi letu jekundu huingia ndani yake na kukifanya kigumu. Kikigoma, osha kwa maji ya uvuguvugu, usipake mafuta, kwa kuwa mafuta hukusanya mchanga.

Kwa mazoezi ya nchi kavu, tiara ndogo ya mafunzo ya mita 2 au 3 kwenye uwanja wazi inafundisha mikono vya kutosha. Upepo wa Dodoma ni mwingi lakini huja kwa mishtuko kwa sababu ya vilima, hivyo kaiti kubwa isirushwe hapa. Na wanaoulizia Bwawa la Mtera: lina viboko na mamba. Hapana.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024: saa tatu na nusu hadi nne hadi Dar es Salaam. Kabla ya kukata tiketi, uliza stesheni kuhusu mzigo mrefu; mfuko wa ubao hufika kama mita 1.4. Ukikataliwa, basi lenye buti la chini linaubeba. Mimi hulala Dar na kupanda boti ya asubuhi, kwani kusi huchafua mkondo kadiri mchana unavyokwenda na mabegi hulowa. Kaa nyuma, sitaha ya chini, na anayetapika ameze dawa kabla ya kupanda. Beba kitambulisho. Kutoka bandarini hadi Paje ni kama kilomita 50.

Kabla ya kutuma pesa ya masomo ya kaiti, ipigie shule simu na uulize moja kwa moja: mna boti ya kufuata mtu majini, na leo inafanya kazi? Mwalimu anakaa na wanafunzi wangapi kwa kaiti moja? Saa za somo mnazipanga kwa maji au kwa zamu za ofisi? Upepo usipovuma pesa inarudi au inahamishwa? Shule inayojibu swali la tatu kwa kutaja kupwa na kujaa kwa wiki yako ndiyo niliyoichagua. Mtu mzima asiye na uzoefu apange jumla ya saa 9 hadi 12 za mafunzo, zigawanywe kwa siku kadhaa, kwa sababu baada ya saa mbili au tatu mikono na akili huchoka pamoja.

Chukua viatu vya mpira vya baharini. Kwenye nyasi na mawe kuna viumbe vyeusi vya miba mirefu, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyayo. Na ukiona vijiti vilivyopangwa kwa mistari majini, hilo ni shamba la mwani. Kina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani kibiashara tangu 1989, na bamvu ikipwa ndiyo saa yao ya kazi. Maji yakiongezeka vijiti huzama sentimita chache tu chini ya uso, ambapo ubao wako utakata kamba zao na kijiti kitakuchana mguu. Muulize mwalimu mipaka ya mashamba siku ya kwanza, zunguka kwa mbali, na ukiangukia ndani zima kaiti, tembea nayo ukiwa umeikunja hadi nje ya vijiti ndipo uirushe tena.

Siku ya mwisho nafunga mchezo mapema, naosha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kifyatulio, kapi na vali, na kuvianika kivulini hadi vikauke kabisa. Chumvi ikirudi Dodoma ndani ya mfuko uliofungwa, vumbi huishikilia, na msimu ujao utakuta kapi hazizunguki.