Kumsaidia Aliyeumia Ubongo Apige Kura Yake Mwenyewe

Kila uchaguzi unapokaribia hapa visiwani, mazungumzo ya ulemavu huishia kwenye njia ya kiti cha magurudumu na kifaa cha nukta nundu kwa wasioona. Mambo hayo mawili yamepiganiwa kwa miaka mingi na ninawashukuru walioyapigania. Hata hivyo, lipo kundi kubwa ambalo sijasikia likitajwa: watu walioumia ubongo, yaani walioanguka kutoka kwenye mikarafuu na minazi, waliopata ajali za bodaboda na waliopatwa na kiharusi. Baadhi yao huonekana wazima kabisa kwa nje, na wengine huburura mguu mmoja au hukwama kutamka maneno, lakini wote hukutana na hukumu moja mitaani kwamba akili zao zimeondoka, na kwa hiyo siku ya kura huachwa nyumbani bila ya mtu yeyote kuwauliza.

Ninaandika kwa sababu ya ami yangu, ambaye alianguka kutoka kwenye mkarafuu huko Pemba katika msimu wa vuli, akaumia upande wa kulia wa kichwa. Zamani jeraha kama lake lilikuwa safari ya makaburini. Siku hizi Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kilichofunguliwa 2014 kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania, na wanaonusurika wanarudi majumbani kwao kuishi miaka mingi. Wanarudi wakiwa bado ni raia na wapiga kura, na hilo ndilo ambalo sisi jamaa zao hatukujiandaa nalo.

Ami anazungumza vizuri, anakumbuka bei za karafuu za miaka iliyopita, anafuatilia taarifa ya habari redioni na anabishana na vijana barazani. Kilichopotea kwake ni upande wa kushoto wa dunia. Macho yake ni mazima, lakini ubongo haumpi habari za upande huo, kiasi kwamba ukimwekea sahani ya wali hula nusu ya kulia tu, akalalamika kuwa chakula ni kidogo, na ukiigeuza sahani hiyo hiyo hushangaa kukuta wali mwingine. Sasa mpe mtu wa namna hii karatasi ya kura. Mwaka 2020 wagombea wa urais wa Zanzibar walikuwa 17 na wa urais wa Muungano 15, na mpiga kura wa Zanzibar hupokea karatasi 5: za marais hao wawili, ya Mbunge, ya Mwakilishi na ya Diwani. Kila kilichochapishwa upande wa kushoto wa karatasi, iwe ni namba, jina au picha, kwake huweza kuwa kama hakipo, na akakosa kumwona mtu aliyemkusudia tangu alipotoka nyumbani.

Tulichofanya kilikuwa chepesi. Tulichora karatasi za mazoezi nyumbani, na mahali pa wagombea tukabandika picha za matunda, embe, shokishoki, doriani na mengineyo, ili pasiwe na chama chochote mezani na asiwepo mtu wa kumsukuma. Nilimtajia tunda, naye akatakiwa kulitafuta na kuliwekea alama ya vema. Mwanzoni alikuwa akiliacha kila tunda lililokuwa kushoto. Ndipo tukamfundisha kuweka kidole chake kwenye ukingo wa kushoto wa karatasi kabla ya kuanza kusoma, kisha akivute polepole kuelekea kulia, mstari baada ya mstari. Mwenye subira atafanya mazoezi haya na mzee wake jioni baada ya chakula, na hayahitaji daktari wala fedha.

Kwa waliopoteza lugha, jambo ni jingine na ni zito zaidi. Ninamfahamu mama mmoja wa Unguja ambaye baada ya kiharusi husema "ndiyo" anapokusudia "hapana", naye mwenyewe hukasirika akisikia neno lililomtoka. Anaelewa kila anachoambiwa, lakini ulimi haumtii. Msaidizi anayemuuliza kwa mdomo, "Unamtaka fulani?", kisha akalishika jibu lake, anaweza kumpigia kura mtu asiyemtaka kabisa. Mama huyu hana haja ya kuulizwa, kwa kuwa karatasi zetu zina picha za wagombea na nembo za vyama. Anachohitaji ni karatasi iliyonyooshwa mbele yake, kalamu katika mkono ulio mzima, na muda wa kutosha pasipo mtu wa kumharakisha.

Siku ile ya kura, tukiwa kwenye foleni katika uwanja wa skuli, mtu mmoja nyuma yetu aliuliza kwa sauti, "Huyu mmemleta wa nini, akili zake si zilibaki mkarafuuni?" Ami alisikia, na uso wake ulibadilika. Jibu ninalotaka kumpa mtu yule ni hili. Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, na inaliruhusu Bunge kuiwekea haki hiyo mipaka kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni ugonjwa wa akili. Maneno hayo nayaona ni mapana mno na yanastahili kuangaliwa upya, lakini hata yakibaki yalivyo, kuumia ubongo si ugonjwa wa akili, wala mtu wa kwenye foleni si hakimu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika ibara yake ya 29 unataka mpiga kura mwenye ulemavu apige kura kwa siri, na akihitaji msaada na kuuomba, asaidiwe na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Uingereza nayo ilifuta kwa sheria mwaka 2006 kanuni ya kale iliyowanyima watu kura kwa sababu ya hali ya akili zao. Mpiga kura mzima haulizwi sababu ya uamuzi wake, hata kama amechagua kwa kupendezwa na sura, na sioni kwa nini aliyeumia apewe mtihani.

Huyo msaidizi wa kuchaguliwa ndiye anayenishughulisha zaidi, kwa sababu sote tunajua jinsi siasa za visiwa hivi zinavyoingia mpaka vyumbani. Ndugu wa tumbo moja huwa vyama mbalimbali, na mgonjwa anayemtegemea mtoto wake kwa chakula na dawa hawezi kwa urahisi kumwonesha mtoto huyo kura inayompinga. Kwa hiyo ni vyema mgonjwa aulizwe mapema, akiwa faraghani, ni nani anayetaka kuingia naye, na akimtaja jirani au rafiki wa zamani badala ya mwanawe, familia ikubali bila ya kununa. Ami alinitaja mimi. Nilimshikia karatasi isiteleze, nikamkumbusha kuhusu ukingo wa kushoto, kisha nikageuza uso pembeni, na mpaka leo hatujawahi kulizungumza alilolitia sandukuni.

Liko pia suala la uchovu. Ubongo ulioumia huchoka haraka, na kelele, jua na msongamano huumaliza kabisa, hivyo anayeweza kufanya uamuzi mzuri saa 1 asubuhi, vituo vinapofunguliwa, huenda saa 5 asiweze kusoma hata jina lake. Kumpeleka alfajiri baada ya kulala vizuri, na kumwomba msimamizi amtangulize kama wanavyotangulizwa wazee na wajawazito, kunasaidia sana. Hata hivyo, ningependa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar iende mbali zaidi. Kura ya mapema, ambayo hupigwa siku moja kabla na watendaji wa uchaguzi na walinzi wa usalama, ingeweza kufunguliwa kwa watu hawa pia kwa kuwa vituo vyake huwa na watu wachache, na mafunzo ya wasimamizi yangeweza kuwa na angalau saa moja kuhusu mtu anayekosea maneno au asiyeona upande mmoja.

Kwa familia ambazo mgonjwa wao ameumia karibuni, kazi haianzi siku ya kura. Hakikisheni kwamba kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi hakijapotea katika purukushani za hospitali, na kwamba jina lake limo katika Daftari la Kudumu kwenye shehia anayoishi sasa, kwani wengi huhamishiwa kwa ndugu baada ya kuumia na kituo chao hubaki walikotoka. Na mnapokwenda kwa sheha kuulizia, nendeni naye, aulize mwenyewe kadiri awezavyo.