Siku moja maishani mwangu: kesho napanda ambulensi

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Julai hapa Dodoma inakukuta hata ndani ya blanketi mbili. Kesho asubuhi naanza fildi kwenye gari la wagonjwa, na usingizi umenikimbia tangu saa 9. Mama ananikuta nakandamiza mto kitandani kana kwamba ni kifua cha mtu aliyesimama moyo: mara 30, pumzi 2, kisha 30 tena, kasi isipungue 100 kwa dakika. Hasemi kitu, anarudi jikoni kubandika chai.

Saa 2. Darasani tunarudia kupima presha. Nampata mwenzangu 118 kwa 76, najiona daktari kabisa. Darasani kimya, ndiyo maana kila mtu bingwa.

Saa 4. Majengo sokoni, natafuta saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Tumeambiwa simu haifai kuhesabia mapigo. Mikono ina glavu, na glavu zina mambo. Muuzaji ananiapia kwamba hii ni orijino. Napita Sabasaba kwenye mitumba, napata suruali nyeusi yenye mifuko mapajani. Viatu nimeazima.

Saa 6 mchana naenda kujitambulisha kituoni. Dereva ni mtu mzima, ameegemea gari anatafuna karanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa kesho? Ingia nyuma, fumba macho, nipe glavu."

Nampa bandeji. Ananishusha, ananipandisha tena. Mask ya oksijeni? Nashika mfuko wa vifaa vya kuzalishia. Mara ya tano ndipo mikono inaanza kuelewa kilipo kila kitu, na ndipo najiamini, navuta machela bila kufungua kishikizo chake cha sakafuni. Imegoma, kidole changu kimebanwa. Sikulia, ila nilimkumbuka mama.

Kisha ananionyesha geji ya mtungi wa oksijeni. "Mtungi wa lita 10, geji inasoma bar 100. Una lita ngapi za hewa?" Kumi mara mia, elfu moja. "Mgonjwa anavuta lita 10 kwa dakika, tumemchukua Mtera. Tunafika?" Napiga hesabu: dakika 100, na Mtera ni zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Njiani kuna ng'ombe, kuna matuta, kuna malori. Hatufiki. "Sasa geji utaisoma saa ngapi?" Kabla gari halijaondoka, mzee.

Sista wa zamu anakuja kunipa ya kwake. Wajawazito ni wengi kwenye gari hili. Wengine simu zao hupigwa 115, ile namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, ambako ambulensi ikikosekana anaitwa dereva wa kijijini mwenye gari lake. "Mimba kubwa usimlaze chali. Ubavu wa kushoto, mtoto asimkandamizie mshipa mkubwa wa damu. Akijifungulia njiani, mkaushe mtoto kwanza, mlaze kifuani kwa mama yake, wafunike wote wawili. Baridi hii ya kwetu unaijua."

Saa 9. Mzee anawasha gari, tunazunguka kipilefti, tunaingia barabara ya vumbi. Nampima sista presha. Naweka stetoskopu masikioni: nasikia injini, nasikia matairi, nasikia kila kitu isipokuwa mkono wa sista. Napampu upya, hola.

"Toa hayo masikioni," anasema sista. "Tumia vidole."

Nashika mapigo ya kifundo cha mkono, najaza upepo mpaka yanapotea, naongeza kidogo, kisha naachia taratibu. Gari linaruka tuta, nayapoteza. Naanza tena. Safari hii, mshale ukiwa kwenye 120, kitu kinanigonga chini ya kidole, dhaifu, kisha tena, kisha wazi kabisa. Hiyo ndiyo namba ya juu. Ya chini huipati kwa njia hii. Unaandika "120 kwa kugusa", mnaendelea na safari. Wiki nzima darasani sikupata raha kama ile.

Saa 12 jioni. Kaka ananipitia na bajaji yake kunirudisha Nkuhungu. Namwomba asikwepe mashimo, nashika mkono wa abiria mwenzangu, mama mmoja mwenye kapu la nyanya aliyekubali huku akicheka. Nahesabu mapigo nikiangalia saa yangu mpya. Yamefika 150 na dakika bado haijaisha. Mama wa watu haumwi. Mshale wa sekunde ndio umesimama.

Saa 3 usiku. Mkoba uko mlangoni: glavu, kalamu mbili, daftari dogo, maji, karanga za kuiga mzee. Kaka anavua saa yake, ananiwekea juu ya mkoba.

"Ukiivunja unanilipa hesabu ya siku mbili."