Mlinzi aliyesomea sheria akiwa bado uwanjani

Hapa Minnesota jina la Alan Page hutajwa na watu wa aina mbili ambao kwa kawaida hawaketi meza moja: mashabiki wazee wa futiboli ya Kimarekani wanaomkumbuka akiwa na jezi ya zambarau ya Vikings, timu ya jimbo hili, na mawakili wanaomkumbuka akiwa jaji mwenye tai ya kipepeo katika Mahakama ya Juu ya jimbo. Mimi, Mkenya niliyekulia kwenye kandanda, na ambaye kazi ya ukalimani hunipeleka mahakamani mara kwa mara, nimemsikia akisimuliwa kutoka pande zote mbili, na naona kila upande humpunja. Wa futiboli husema kwamba mchezo ulipokwisha alijitafutia kazi nyingine. Wa sheria huutaja mchezo kama kichekesho cha ujanani. Jioni ya leo nataka kuandika jinsi ninavyoyaona maisha yale mimi, kwa sababu kinachonivutia ni kwamba mambo hayo mawili aliyafanya kwa wakati mmoja, na kwamba jambo hilo lilimgharimu.

Page alicheza katikati ya mstari wa mbele wa ulinzi, mahali ambapo mchezaji hukabiliana ana kwa ana na majitu yanayomkinga mrusha mpira wa timu pinzani, na ambapo kufumba na kufumbua baada ya mpira kuanzishwa huamua nani kampita nani. Vikings walimchukua mwaka 1967 akiwa chaguo la 15 miongoni mwa wachezaji wapya, akitoka Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambacho alikuwa amekisaidia kutwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1966. Pamoja na Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen aliunda safu iliyoogopwa hadi ikabandikwa jina la Wala Watu wa Zambarau. Walicheza katika uwanja usio na paa huko Bloomington, na kocha wao, Bud Grant, alikataza vipasha joto pembeni mwa uwanja hata Desemba. Yeyote aliyewahi kungoja basi katika mji huu mwezi wa Desemba atajua hiyo ilikuwa adhabu ya namna gani.

Nguvu yake haikuwa uzito. Ilikuwa wepesi wa kuondoka. Mwaka 1971, katika mechi dhidi ya Detroit Lions, waamuzi walimwadhibu mara mbili mfululizo kwa makosa ambayo aliamini hakuyafanya, akapandwa na hasira, na kwa dakika zilizofuata hakuna mtu wa Detroit aliyeweza kumzuia. Mwisho wa msimu huo shirika la habari la Associated Press lilimtangaza mchezaji bora wa ligi nzima, na alikuwa mlinzi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Tangu hapo ni mlinzi mmoja tu mwingine, Lawrence Taylor mwaka 1986, aliyeipata. Kumwangusha mrusha mpira, kazi aliyoifanya kuliko karibu wote, hakukuhesabiwa rasmi na ligi hadi mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya yeye kustaafu, kwa hiyo anayemtafuta katika takwimu rasmi atamkuta nusu tu. Ushahidi mwingine uko mkononi mwake: kidole chake kidogo, kilichoteguka mara nyingi, kimejikunja kuelekea nje karibu pembe mraba. Fainali nne za Super Bowl alicheza, na zote nne Vikings walishindwa.

Nadhani wengi wangetosheka na hayo. Lakini Page alizaliwa mwaka 1945 huko Canton, Ohio, mji wa viwanda vya chuma, na amesimulia kwamba tangu utotoni aliitazama kazi ya viwanda vile, chafu, ya hatari, ile ile kila siku, akaamua kwamba haitakuwa yake. Alikuwa na miaka minane Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilipopiga marufuku ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954, na habari hiyo ilimfanya aamini kwamba sheria inaweza kubadili maisha ya watu kama yeye. Futiboli ilikuja baadaye. (Akiwa kijana alifanya kazi ya kibarua kwenye ujenzi wa Jumba la Mashuhuri wa Futiboli, ambalo kwa bahati liko huko huko Canton.)

Mara ya kwanza alipojaribu kusomea sheria aliacha baada ya muda mfupi. Alirudi tena, safari hii katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akawa mwanafunzi na mchezaji kwa pamoja, na akahitimu mwaka 1978. Katika miaka hiyo hiyo aliwawakilisha wenzake katika chama cha wachezaji, wakati ambapo wamiliki wa timu hawakupenda kusikia neno haki likitoka kinywani mwa mwajiriwa. Mkewe, Diane, alianza kukimbia ili aache sigara, naye akamfuata, akaupenda mwendo mrefu kiasi kwamba mwaka 1979 alikuwa mchezaji wa kwanza wa ligi hiyo kumaliza mbio za marathoni kabla ya kustaafu. Mbio zilimpunguza kutoka takriban paundi 245 hadi 225. Grant aliona mwili huo haufai tena kwa nafasi ile, na mnamo Oktoba 1978 Vikings wakamwacha. Chicago Bears walimchukua kwa ada ya dola 100 na akawachezea hadi mwaka 1981, bila kukosa mechi hata moja ya msimu wa kawaida: 218 kwa jumla. Sisemi kocha alimwonea. Kocha hulipwa ili ashinde. Ninachosema ni kwamba Page alijua bei ya kuwa na maisha nje ya uwanja, na akailipa.

Baada ya hapo alifanya uwakili katika kampuni binafsi, kisha akaingia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo. Mwaka 1992 alitaka kugombea kiti katika Mahakama ya Juu ya Minnesota, ambako majaji huchaguliwa kwa kura. Gavana Arne Carlson alikuwa amemwongezea muda jaji aliyekuwa na kiti hicho, hivyo uchaguzi ukafutika. Page alifungua kesi. Majaji wa mahakama hiyo wasingeweza kuamua shauri linalomhusu mwenzao, kwa hiyo wakawekwa majaji wastaafu kuisikiliza, nao wakakubali kwamba wapiga kura wamenyimwa haki ya kikatiba. Uchaguzi ukafanyika, akashinda, na akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza katika mahakama hiyo. Hakuwahi kuwa jaji kabla, na sitakuwa mkweli nikidai kwamba jezi ya zambarau haikumletea kura. Lakini alichaguliwa tena mwaka 1998, 2004 na 2010, na aliondoka mwaka 2015 kwa sababu tu sheria ya jimbo humstaafisha jaji anapofikisha miaka 70.

Kuna jambo moja la enzi za uwanjani ambalo amelirudia hadharani. Katika kikao cha walinzi, kocha msaidizi aliwaambia wachezaji wasome kwa sauti kitabu cha mbinu, na ikadhihirika kwamba baadhi ya wanaume wale, waliopitia vyuo vikuu, hawakuweza kusoma. Alipoingizwa katika Jumba la Mashuhuri mwaka 1988, ambapo wengi humwomba kocha wao wa zamani awatambulishe, yeye alimchagua Willarene Beasley, mkuu wa shule ya sekondari ya Minneapolis, na hotuba yake ilihusu elimu zaidi ya futiboli. Mwaka huo huo yeye na Diane walianzisha wakfu unaowalipia karo wanafunzi wa jamii zisizo za Wazungu, kwa sharti kwamba kila mmoja ajitolee angalau saa 50 kwa mwaka kuwafundisha watoto wadogo. Sisi Wakenya wa hapa tunajua kuchanga. Harambee za karo huitishwa kila mara. Sharti lile la saa 50 ndilo nitakalolipendekeza kwenye mkutano wetu ujao, na najua tayari nani atapinga.