Snell Roundhand kwenye kadi za harusi
Juzi nilikuwa natengeneza kadi ya harusi ya binamu yangu, nikachagua fonti ya Snell Roundhand. Wengi mmeshaiona hata kama hamjui jina: mwandiko ulioinama, herufi zimeungana, mistari minene na myembamba ikipishana. Imo ndani ya kompyuta za Mac.

Nikakaa kusoma ilikotoka, kadi ikasubiri. Charles Snell alikuwa mwalimu wa mwandiko London, alifariki 1733. Alitetea herufi zenye kanuni na vipimo wakati wenzake wakipenda madoido mengi. Katikati ya miaka ya 1960, Mwingereza Matthew Carter akaufufua mwandiko huo kwa Linotype, kampuni ya mashine za kupanga herufi za uchapaji.

Kilichonisisimua ni kwa nini ufufuo huo ulikuja wakati ule. Katika uchapaji wa zamani, kila herufi ilikuwa ya madini ya risasi, juu ya kipande chenye pembe nne. Mwandiko ulioinama hutokeza nje ya kipande, ncha zinakatika, na pale herufi zinapokutana pengo linaonekana. Upangaji wa herufi kwa filamu, yaani kuzipiga picha badala ya kutumia madini, ukaondoa kipande chenyewe, herufi zikaweza kupandana na kuungana kabisa. Na Carter alijua herufi za risasi vizuri, maana ujanani alijifunza Uholanzi, kwenye kampuni ya uchapaji ya Enschedé, kuchonga herufi kwenye chuma kwa mkono! Baadaye ndiye akachora fonti za Verdana na Georgia.

Wabunifu wenzangu wa kadi, nawasihi: msiandike majina ya maharusi yote kwa herufi kubwa za fonti hii. Hazikuchorwa kuungana, na jina halisomeki.