Watu Washika Upepo

Ni maneno matano tu. Nikikoroga uji nayasikia, nikikata video za harusi nayasikia, na juzi yalinijia katikati ya swala ya laasiri nikasahau niko rakaa ya ngapi. Tumesharudi Lamu siku tisa sasa. Katika siku hizo dada amejifungua salama, mtoto wa kiume, na kesi ya shamba la babu imekwisha, nami yote hayo nimeyapokea nusunusu, kwa sababu nusu yangu nyingine bado imekaa gizani ndani ya sinema kule Nyali, Mombasa, kiti cha pembeni mwa Mama.

"Mwana, mbona watu washika upepo?"

Ndivyo alivyoniuliza. Nami nikamjibu: "Tazama mbele, Mama."

Mnaonisoma tangu zamani mnajua nilivyoingoja filamu hii. Avatar ya kwanza ilipotoka Desemba 2009 nilikuwa bado shule, nikaja kuitazama mwaka uliofuata kwenye kompyuta ya mtu, nakala iliyorekodiwa kwa kuibwa ndani ya ukumbi, vichwa vya watu vikipita mbele ya msitu wa Pandora, ile dunia ya kubuni ya filamu. Hata hivyo nilikesha nikiiwaza. Basi mwongozaji wake, James Cameron, alipomaliza ya pili, The Way of Water, baada ya miaka 13, na nikasikia kwamba safari hii hadithi imehamia baharini, niliapa hapa hapa kwamba hii sitaitazama kwenye simu. Nitaitazama kwa miwani yake, kwenye skrini ya ukuta mzima, na nitakwenda na Mama. Kwetu hakuna sinema. Lakini Mama ni binti wa Kizingitini, nduguze wamezamia kamba kwa pumzi zao wenyewe tangu utotoni, na nilitaka aone watu wa mbali walivyoihangaikia bahari. Nilimsimulia njia nzima, kuanzia Mokowe mpaka Malindi, jinsi waigizaji walivyoingizwa kwenye tangi la maji kwelikweli, wakafunzwa kuzuia pumzi, na jinsi Kate Winslet alivyokaa chini zaidi ya dakika 7. Mama aliguna. "Dakika saba ni nyingi," akasema. "Mjomba wako hafiki hapo."

Nilikuwa na kazi ya harusi Kisauni, kwa hiyo nauli haikuwa ya sinema peke yake. Jumamosi jioni tukaingia.

Sijapata kukaa ndani ya ukumbi wa namna ile. Mwanzoni watu walikuwa watu wa kawaida, wanatafuna bisi, wanatafuta viti kwa taa za simu. Ile familia ya kwenye filamu ilipofika kwenye visiwa, na kamera ikazama chini ya maji kwa mara ya kwanza, bisi zikanyamaza. Nasema kweli, zilinyamaza zote kwa pamoja. Kijana mmoja safu ya mbele alinyoosha mkono wake mrefu, polepole, kama mtu anayetaka kumgusa paka asiyemjua. Kisha mtoto wa pembeni yake naye akanyoosha. Kisha mtu mzima, mwenye kofia. Nikatazama nikaona mikono mingi juu, inapapasa samaki wasiokuwapo. Nyuma yetu mama mmoja alikuwa akisema "Subhanallah" kwa kunong'ona, tena na tena. Nami machozi yalikuwa tayari. Kazi yangu ni picha, najua ugumu wake. Najua kwamba sehemu nyingine za filamu ile zinakwenda picha 48 kwa sekunde badala ya 24 zilizozoeleka, na ndiyo maana maji yale yanapita laini hivyo mbele ya jicho. Nilikuwa nayanywa.

Na hapo ndipo nilipomwona Mama amegeuka. Ameipa skrini kisogo nusu, miwani iko puani, anawatazama watu. Tena anatabasamu. Akaniinamia sikioni akauliza neno lake.

Naikumbuka sauti yangu vizuri mno. Sikufoka. Ingekuwa afadhali ningefoka, kwa sababu mtu akifoka huomba radhi. Nilisema kwa ule upole wa kumwambia mtoto: "Tazama mbele, Mama." Naye akageuka. Filamu ile ni dakika 192, na tulikuwa hatujafika nusu. Hakugeuza shingo tena mpaka taa zilipowaka. Meli ilipopinduka mwishoni na maji yakaanza kuwapandia waliokwama ndani, mwanamke wa mbele yetu aliinua miguu yake yote miwili juu ya kiti asilowe. Ukumbi ulivuta pumzi. Mama ametulia, mikono mapajani, anatazama mbele.

Ngazini nikamuuliza, "Umeona, Mama?"

"Niwene," akasema. Basi.

Niliumia. Niwaambie kweli yangu, ndani ya tuktuk nilikaa kimya kwa sababu niliona nimemletea zawadi na yeye ameiweka chini. Kisauni nako nikamkuta mtoto wa Mama mdogo, naye ameshaitazama, ananiambia ni macho tu yaliyoshiba, hadithi yenyewe ni ile ile ya kwanza, wageni wamekuja na mashine, wenyeji wanakimbia, baba anapigana. Wako wengi wasemao hivyo na siwezi kuwaambia wamekosea. Lakini usiku ule sikutaka kumsikia yeyote.

Sasa sikilizeni habari ya chai.

Tulikaa mkekani, Mama akashika birika anitilie. Mdomo wa birika ukaja ukasimama pembeni mwa kikombe, kiasi cha vidole viwili, na chai ikamwagika kwenye sinia. Akafuta upesi kwa ncha ya leso. Upesi wa mtu aliyezoea kufuta. Kikombe cha pili hakukosea, na nikaona ni kwa nini: alitanguliza kidole cha shahada akakitundika kwenye ukingo wa kikombe, akaleta birika mpaka mdomo wake ukagusa kucha, ndipo akamimina. Mdomo wa birika la moto, kwenye kidole chake. Wala hakushtuka.

Nilihisi ubaridi umenishika mgongoni. Filamu ya 3D si picha moja. Ni mbili, zimerushwa pamoja kwenye skrini, na ile miwani inalipatia kila jicho picha yake. Ubongo ndio unaoziunganisha, na katika kuunganisha ndipo samaki anapotoka ukutani akaja mbele ya pua yako. Jicho likiwa moja, hakuna cha kuunganisha. Picha inakaa ukutani, bapa, kama kalenda. Na ukigeuka, unaona ukumbi mzima wa watu wenye akili zao wakipapasa hewa.

Aliniuliza kwa sababu hakujua. Alikuwa anauliza kwelikweli.

Nikamwambia, "Mama, hebu funika jicho la kulia." Akasema kuna nini. Nikasema hebu. Akafunika kwa kiganja. Nikawasha taa ya simu kwa mbali: ndani ya mboni ya kushoto pana weupe, kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Waniona?"

"Najua uko hapo," akasema Mama.

Tangu lini, nikauliza. Akasema tangu kabla ya Ramadhani. Alidhani ni utu uzima, na mimi nina kazi nyingi, na jicho moja linamtosha.

Nyinyi mnaijua kazi yangu. Naitwa Mkomani, naitwa Langoni, naitwa Shela, kwa sababu kwenye kupamba hapaingii mwanamume na watu wanataka mkono wa mwanamke kwenye kamera. Nikiwa mwisho wa ukumbi naona wanja wa bibi harusi umevuja. Naona shangazi gani amenuna. Na mnakumbuka ile video fupi niliyoiweka mwezi wa Shaabani, Mama anashona kofia ya vito na mjukuu wake anamtungia uzi kwenye sindano? Wengi mliipenda. Niliifungua tena usiku ule Kisauni. Mama ameinamisha kichwa upande wa kushoto, anailetea kofia jicho lake la kulia, na kila akitaka kuchoma sindano anapapasa kwanza kwa ukucha wa kidole gumba. Dakika moja na nusu. Niliikata mwenyewe, nikaiwekea na taarabu chini, nikarudia mara kumi kupata mahali pa kumalizia. Na pale gatini Mokowe, alipokawia kukanyaga boti mpaka nabahari akampa mkono, nilidhani ni mawimbi.

Lugha ya wale watu wa Pandora, aliyoitunga mwanaisimu Paul Frommer, ina vitenzi viwili vya kuona. Tse'a ni kuona kwa jicho. Kame ni kumwona mtu alivyo ndani yake, na ndicho wanachoamkiana nacho. Nililijua jambo hili tangu 2010, nimewahi hata kulieleza hapa kwa mbwembwe. Wakati ule magazeti yalikuwa yakiandika kuhusu watazamaji waliotoka sinema na huzuni, kwamba dunia yao ya kila siku imepauka wakiilinganisha na ile. Niliwaelewa sana. Safari hii sikuitamani Pandora hata kidogo. Nilikaa chooni kwa watu nikalia kwa ajili ya kikombe cha chai.

Asubuhi ya Jumatatu tukaenda kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, tena aliyekomaa. Akatueleza kwamba ile lenzi iliyopo ndani ya jicho ndiyo iliyoingia ukungu, wataitoa na kuweka ya plastiki, na kwa kawaida mtu anarudi nyumbani siku ile ile. Tumepewa tarehe, mwisho wa mwezi huu. Mama aliuliza swali moja: kama ataruhusiwa kusujudu. Daktari akamwambia siku za mwanzo aswali kwa kukaa. Akakubali kwa shingo upande.

Ndani ya basi, tumeshapita Kilifi, nikaona siwezi tena. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Kule sinema."

"Kule sinema kuna nini?"

"Uliniuliza kitu nikakunyamazisha."

Akafikiri. Alikuwa amesahau, au amenifichia, mpaka leo sijui. Halafu akaanza kucheka, kicheko kile cha kujifunika mdomo kwa mtandio. "Yule mwenye kofia," akasema. "Mtu mzima yule, mwanangu, anashika samaki! Na yule mwanamke na miguu yake!" Akacheka mpaka abiria wa mbele akageuka. Kumbe aliiona ile miguu. Alikuwa anatazama mbele kama nilivyomwambia, na miguu ilikuwa mbele.

Kisha akaacha kucheka akasimulia filamu yote, mimi nikisikiliza. Aliishika vizuri kuniliko. Alisema wale wawindaji waliomuua nyangumi mwenye mtoto kwa ajili ya kile kimiminika cha kuzuia uzee hakuwashangaa, kwani watu walizitafuta ambari na pembe kwa uchu huo huo. Alisema yule kijana aliyefanya urafiki na nyangumi aliyetengwa amemkumbusha mjomba. Alisema bahari yao nzuri lakini hakuona mtu akivaa nguo kavu baada ya kutoka majini, na chumvi inawasha. "Ila wamejitahidi," akamalizia. "Mai wameyajua."

Nilitakiwa nitulie hapo. Nimetulia kidogo. Lakini usiku yale maneno matano bado yanakuja, na kila yakija najaribu jibu jingine. Nasema: wanaona samaki, Mama. Nasema: nipe mkono wako tunyooshe sote. Nasema: kwani wewe waona nini? Hili la tatu ndilo linaloniamsha.

Kofia anaendelea nayo. Nimemkataza birika, hakatazwi.

Na boriti ya jikoni imeanza kudondosha unga tena, ule ule wa manjano, leo nimeukuta juu ya mahamri. Fundi alisema baada ya masika iliyopita kwamba mti ule una miaka mingi mbele yake. Nimeugonga kwa mpini wa mwiko, na kuanzia katikati mpaka ukutani unalia utupu.