Mziki wa gari unalindwa siku unafungwa

Kila mtu huku Chuga, yaani Arusha, akishatoa gari bandarini akafika nayo nyumbani, swali la kwanza analoniuliza ni alamu gani nzuri maana anataka kufunga mziki. Na mi siku zote namrudishia swali, fundi wako ataishikilia hiyo redio na nini? Hapo wengi wanakaa kimya, hawajawahi kuliwaza, wanajua redio inachomekwa tu pale kwenye dashibodi basi imeisha. Msimamo wangu ni kwamba mziki unalindwa siku ile ile unafungwa, dashibodi bado iko wazi na wewe umekaa pale kwenye benchi la fundi unaangalia, ukishaondoka pale kinachobaki ni kubahatisha.

Kwanza tuelewane kwa nini redio inaibika kirahisi kuliko vitu vingine vya gari. Saidi mira ya Harrier inamtaka mtu mwenye Harrier, tena wakati mwingine ya mwaka ule ule. Redio haina hiyo shida. Zina saizi za dunia nzima, ile nyembamba ni milimita 180 kwa 50 na ile nene ni 180 kwa 100, vipimo vilianzia Ujerumani ndo maana mafundi wanaita singo DIN na dabo DIN, hiyo DIN ni shirika la viwango la Wajerumani. Toyota nao wana ya kwao pana kidogo, 200 kwa 100, na we hesabu mwenyewe hapa mjini kuna Toyota ngapi, IST, Vitz, Noah, Probox, Rav4. Yaani redio iliyotolewa kwenye gari Njiro usiku wa leo, kesho mchana inaingia kwenye gari nyingine nyingi bila kuchonga sana, kwa hiyo mnunuzi hatafutwi, mnunuzi yupo tu.

Halafu kuna hiki kichekesho cha magari ya Japani. FM ya kule inaanzia 76, redio za zamani zinagota kwenye 90 na mpya mpya zinafika 95, wakati huku kwetu stesheni ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo unapata kipande kidogo tu cha redio na menyu yote imeandikwa Kijapani. Na zile za Toyota zenye ramani, ukichomoa betri tu nyingi zinagoma, inakudai namba ya siri au kadi ya ramani ambayo ilibaki Yokohama huko. Watu wanachukia, wanang'oa, wanafunga redio ya Android, ile ya kioo cha kugusa, ya inchi 9 au 10 inayowaka dashibodi nzima. Sasa angalia ulichofanya, umetoa redio ambayo mwizi hana hamu nayo kabisa, umeweka ambayo mnunuzi anaisubiri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na najua machalii hamtaupenda, kama redio ya Kijapani bado inawaka na ina Bluetooth au hata tundu la AUX la kuchomeka waya wa simu, iache pale pale. Amplifaya nyingi za sasa, yaani kile kiboksi cha kukuza sauti, zinapokea waya za spika moja kwa moja, fundi anachota sauti kwenye waya za spika za hiyo hiyo redio ya kiwandani, anapeleka kwenye amplifaya iliyofichwa, amplifaya inasukuma spika na sabufa, ile spika kubwa ya beezi. Stesheni za huku unasikiliza kwenye simu. Mziki unapiga vizuri tu, ila ukichungulia dirishani unaona gari ya mwalimu mstaafu.

Kama lazima Android, sawa, haya sasa ndo ya kusimamia. Redio nyingi zinakuja na fremu ya plastiki, na fundi mwenye haraka anabana kwa skrubu mbili, au anategemea klipu za ile fremu peke yake, na wewe unaona imekaa vizuri unalipa unaondoka. Mwambie aweke bati za pembeni zote mbili na skrubu zote, halafu nyuma ya redio kuna tundu la skrubu, pale panafungwa mkanda wa chuma unaoenda kushika kwenye chuma cha ndani ya dashibodi. Zile redio za singo DIN zinakaa kwenye kasha la bati linaloachia kwa funguo mbili nyembamba za kuchomeka pembeni, na hizo funguo kila fundi redio anazo, kwa hiyo kasha peke yake halikulindi, huo mkanda wa nyuma ndo unaomfanya mtu avute akute haiji. Na kama singo DIN yako ni ile ya uso unaochomoka, basi uchomoe kweli uingie nao ndani, usiuache kwenye dro la dashibodi maana ni sehemu ya kwanza kabisa mtu kufungua.

Kuna jirani mmoja maeneo ya Sakina alitolewa redio, na kilichonishangaza sio kuibiwa, ni jinsi zile waya zilivyoachwa. Hakuna hata moja iliyokatwa. Soketi zimechomolewa taratibu, waya wa USB wametoka nao, antena ya GPS iliyokuwa imebandikwa kule juu imebanduliwa, hata kile kiboksi kidogo cha kuunganisha na batani za usukani kimeondoka. Yule sio kibaka wa kupita, yule anajua kabisa redio bila waya zake inashuka bei. Kwa hiyo siku hizi nawaambia watu, zile soketi zifungwe na vibanio vya plastiki vingi na kusukumwa ndani kabisa, waya uachiwe urefu wa kutosha kufanyia kazi tu na sio zaidi, mtu akivuta redio itoke sentimita chache halafu ikwame. Fundi atalalamika kwamba siku ya kurekebisha itamsumbua. Ndiyo, imsumbue.

Sabufa sasa. Hapa ndo hela nyingi inalala na ndo pamefungwa hovyo kuliko pote, boksi limewekwa tu kwenye buti, linajishikilia kwa uzito wake, ukipiga kona ya Sanawari linahama upande wa pili. Boksi linatakiwa lifungwe kwa bolti kutokea ndani, yaani unafungua spika, unapitisha bolti kwenye sakafu ya boksi kwenda kwenye bodi ya gari, unarudisha spika juu yake. Mtu akitaka kulitoa lazima kwanza afungue spika yenyewe skrubu zote, tena gizani. Ila usimruhusu fundi atoboe bodi kabla hajalala chini akaona kuna nini, tangi la mafuta na bomba za breki zipo huko chini na drili haina macho. Njia salama zaidi ni kutumia ile bolti ya kushikia tairi la spea, pale pana nati ya kiwandani tayari, unatafuta bolti ndefu inakamata boksi hapo hapo. Hasara yake ni kwamba ukipata pancha Bomang'ombe saa tano usiku lazima ufungue mziki ndo ufikie spea, kwa hiyo spana yake isikae mbali, lakini isikae ndani ya buti pia jamani.

Amplifaya wengi wanaipenda chini ya siti ya mbele. Sio mbaya, imejificha, ila watoto wa kuosha magari wanamwaga maji kwenye kapeti kama wanaosha zizi, kwa hiyo iinuliwe kwenye kipande cha mbao na ifungwe kwa bolti za kichwa kisicho cha kawaida, zile ambazo bisibisi ya nyota haiingii. Usiifunike na kapeti zito, inatoa joto ile, itajizima.

Na tukiwa kwenye kuosha magari. Mwizi wa mziki mara nyingi hazunguki kuchungulia gari moja moja, anakuwa ameshajua. Kajuaje? Umepita Kaloleni vioo chini beezi inatikisa mabati ya watu, umebandika stika ya Pioneer kioo cha nyuma, umepiga picha dashibodi inawaka ukaweka status, umeacha gari kwa waosha magari na funguo halafu umeenda kula nyama. Sisemi waosha magari ni wezi, wengi ni vijana wanatafuta riziki, nasema pale wanapita watu wengi na mziki ukiwashwa kila mtu anasikia. Dawa yake ni rahisi sana. Kwenye amplifaya kuna waya mwembamba, mara nyingi bluu wenye mstari mweupe, ndo unaoiambia iwake. Fundi anakata waya huo katikati anaweka swichi ndogo sehemu unayoijua wewe, ukipeleka gari kuoshwa au gereji unazima, redio inawaka ila sabufa na spika zinazosukumwa na amplifaya ziko kimya, hakuna anayejua kuna nini. Mwizi wa usiku hiyo swichi haimzuii, kazi yake ni mchana huko kabla hajapata habari.

Alamu? Ifunge, sikatai, ila usiipe kazi isiyo yake. Kipindi cha masika hapa Arusha mvua ikishika mabati usiku hata kioo kikivunjwa hapo nje husikii, na mwezi wa saba baridi lile kila mtu kajifunika mpaka kichwa, mlinzi mwenyewe yuko ndani ya blanketi. Halafu alamu inayolia kila lori likipita, mtaa mzima umeshaizoea, hakuna anayefungua dirisha. Punguza ukali wa ile sensa ya mtikisiko. Ukimpata fundi anayejua kweli, alamu zingine zina waya wa ziada unaoweza kupitishwa mpaka kwenye amplifaya, ikichomolewa tu inapiga kelele, hiyo nimeikubali.

Kupaki nako kunasaidia, kama una ukuta rudi nyuma mpaka buti lisifunguke. IST na Vitz zina kile kifuniko cha buti cha juu, watu wanakitupa ili sabufa ionekane! Kirudishe.

Wanaokwenda Moshi Desemba wanielewe hapa. Kuanzia katikati ya mwezi mji umejaa magari kutoka Dar, Kiborloni mpaka Marangu huko, mziki kila baa, magari yamepangwa barabarani mpaka saa nane usiku na mwenye gari yuko kwenye mbege na ndugu hajamwona mwaka mzima. Paki unapoiona kutoka ulipokaa, au panda nayo nyumbani ikalale ndani ya boma.

Karatasi nazo zifanye mapema. Tumeshazoea kuchora namba ya gari kwenye vioo, taa na saidi mira, mbona redio hatuchori? Chora kwenye bodi ya chuma ya redio juu, kwenye kitako cha amplifaya, na ndani ya boksi nyuma ya spika. Piga picha serial namba pamoja na risiti, tuma kwa mke au mdogo wako maana simu nayo inaibika. Bima ya tedi pati haikulipi redio hata senti, hiyo ni ya uliyemgonga, na hata ukiwa na bima kubwa wape taarifa kwa maandishi kwamba umeongeza mziki wa thamani fulani, usipowaambia wanaweza kukulipa kioo tu. Ikitokea, usianze kusafisha vioo, piga picha kwanza, nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, siku hiyo hiyo ukiwa na hizo namba, maana hata redio ikikamatwa mahali bila namba utathibitishaje ni yako na zinafanana zote?

Na we unayetafuta redio ya bei chee kwa dalali anayeleta moja moja kwenye mfuko, waya zake zimekatwa na wembe, haina boksi haina risiti, ukiiwasha inadai namba ya siri, ile sio bahati. Kupokea mali huku unajua au una sababu ya kuamini ni ya wizi ni kosa la jinai, hata kama ulilipa, na namba niliyochora mimi juu ya ile redio utaikuta siku fundi wako anaifungua, akiwa na wateja wengine wamesimama hapo hapo.