Kiganja Kisiguse Mpira

Ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba, Minneapolis, baridi imeshaanza kuuma vidole. Mpwa wangu, kotabeki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya shule yao, yaani yule mpiga pasi, alishuka garini na mpira kwapani na pampu yenye geji. Hatukuanza kurusha. Aliuchoma sindano kwanza, akasoma pauni 10 za msukumo wa hewa kwa inchi ya mraba. Mpira ulikuwa umelala garini usiku kucha, na hewa ikipoa hunywea. Akaujaza hadi 13. NFL, ligi kuu yao, inataka kati ya 12.5 na 13.5.

"Mjomba," akaniambia, "nyinyi mmekulia kutungua maembe kwa mawe. Jiwe hukumbatiwa na kiganja. Huu usiukumbatie."

Mpira wa Kimarekani una urefu wa inchi 11 na ushee, uzito wa gramu 400 na kidogo. Ni vipande vinne vya ngozi ya ng'ombe vilivyoshonwa pamoja, na kamba zimetokeza upande mmoja. Kamba hizo ndizo mpini wake. Vidole vyangu, cha pete na cha mwisho, vikalala juu yake. Cha shahada kikatoka nje ya kamba, kikasogea karibu na ncha ya nyuma. Gumba likapita chini, upande wa pili. Kisha mpwa akajaribu kupenyeza kidole chake baina ya kiganja changu na ngozi. Hakikupita.

"Unaukaba, Mjomba."

Nikalegeza mpaka mwanga ukaonekana pale kati.

Tukapiga magoti, la kulia chini, yadi 10 baina yetu, ili miguu isiufichie mkono makosa. Mpira hukaa usawa wa sikio, na kiwiko kisishuke chini ya bega. Vidole huuachia kwa zamu: cha mwisho hutangulia, cha shahada hufunga, na hicho ndicho kinachoupa mzunguko. Mkono ukimaliza kazi, gumba hutazama chini, kiganja kinaelekea nje, na mkono wenyewe huangukia mfuko wa kushoto wa suruali. Kwa anayerusha kwa kulia, mpira ukitazamwa kwa nyuma huzunguka kufuata mshale wa saa, kama pia. Mzunguko huo ndio unaoishikilia ncha itazame mbele. Ukikosekana, mpira hupinduka ovyo na upepo huukamata ubavuni.

Wangu ulikuwa unayumba. Nilikuwa nausokota kwa kifundo cha mkono, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa, nikidhani mzunguko hutoka hapo. Hilo ndilo kosa la wengi, na ni gumu kuliacha kwa sababu linaonekana kuwa na akili. Mpwa alinipiga marufuku kufikiria kuzungusha. Nifikirie gumba tu, limalizie chini. Mrusho wa saba au wa nane ulikwenda umenyooka, na nikausikia ukiunguruma.

Hapo ndipo tukasimama. Bega la kushoto kwa mlengwa, miguu upana wa mabega, uzito kwenye mguu wa nyuma. Hatua ya mguu wa kushoto ni fupi, shibiri moja na nusu, vidole vikielekea kushoto kidogo mwa mlengwa. Vikielekea kulia, nyonga hukwama na mkono hubaki kufanya kazi peke yake. Nyonga hutangulia, bega hufuata, mkono huja mwisho. Mkono wa kushoto nao haubaki unaning'inia: huvutwa mbavuni kwa nguvu.

Mipira yangu miwili ilipaa juu ya kichwa chake, kwani uzito ulikuwa umebaki nyuma. Mmoja ukajichimbia nyasini mbele yake. Huo niliuachia kwa kuchelewa. Baadaye minne mfululizo ikamfika kifuani, yadi 20. Akarudi nyuma yadi 5. Nikatia nguvu za mkono, ukayumba tena, naye akanyoosha kidole chini: goti.